Mtu Aliyesalimia Wote Isipokuwa Mimi

Kuna bwana mmoja ambaye nimemwona akifuta machozi kwa sababu ya rumba, leso mkononi, mbele ya meza iliyojaa chupa. Jumamosi moja asubuhi nilikutana naye sokoni, yuko na mke wake, wanachagua nyanya. Akanipita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Nilifurahi sana. Nikasema moyoni, huyu amelelewa.

Mimi ninacheza dansi. Si zile ngoma za kikundi cha parokia. Nacheza katika boîte, klabu ya starehe hapa Lubumbashi, nikiwa na nguo chache kuliko ambazo mama angependa, na wanaume hulipa ili kuangalia. Watu waseme watakavyo. Kazi naipenda na najua kuifanya. Mama yangu ameijua tangu siku ya kwanza, na kwa wenzake wa kwaya husema binti yake ni artiste. Sijawahi kumsahihisha.

Wengi hudhani ugumu wa kazi hii uko ndani. Ndani ni rahisi: kuna mlinzi mlangoni, kuna taa, na kila mtu anajua pa kukaa. Ugumu uko nje, mchana, umevaa ndala na kitambaa kichwani, umebeba furushi la sombe, majani ya muhogo, halafu anatokea mtu aliyekupigia makofi juzi. Sasa nani amsalimie nani?

Sisi tuna sheria, na aliyetufundisha ni yaya, dada yetu mkubwa wa kazi. Zamani alicheza mwenyewe. Magoti yalipogoma akabaki kuwa mwalimu wetu, na ndiye anayewapangia wateja viti. Yaya anasema salamu ni ya yule aliye na watu wake. Mteja akiwa na mke, mtoto au mchungaji, salamu ni yake: akiitoa unaipokea, asipoitoa hamjuani. Ukiwa wewe ndiye uliye na mama yako, mteja ndiye anayesubiri. Mkikutana kila mmoja peke yake, mnasalimiana kama majirani, mnaulizana habari za mvua na malaria, mnaachana. Jina la kazi haliitwi barabarani. Na gari lake hulipandi, hata jua likiwa kali namna gani.

Mteja anayevunja sheria hapigwi wala hafukuzwi. Anakalishwa meza ya nguzo. Ndani ya klabu yetu kuna nguzo nene ya saruji inayobeba paa, na nyuma yake kuna meza moja. Ukikaa hapo unasikia muziki vizuri sana, lakini wa kucheza humwoni, isipokuwa kiwiko.

Nakumbuka siku niliyokwenda Kasumbalesa kununua viatu upande wa Zambia. Foleni ya malori ilikuwa ndefu kama kawaida, madereva wamekaa chini ya magari yao wanapika. Mteja wetu mmoja, mtu wa kupitisha mizigo ya watu forodhani, akaniona kwa mbali na kuliita jina langu la kazi kwa sauti yake yote. Madereva wakageuka. Nami nikageuka, nikaangalia nyuma yangu kama mtu anayemtafuta huyo anayeitwa. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yamepata moto. Aliporudi Lubumbashi yaya alimpeleka moja kwa moja kwenye nguzo, na alipolalamika, yaya akamjibu kwa upole: "Kule ku mupaka ulitaka bantu yote bamuone mutoto yangu. Huku weye utaona paka kiwiko." Yaani kiwiko tu. Siku hizi huyo bwana tukikutana barabarani huangalia mawingu.

Lakini nataka kusimulia habari ya mwingine, ambaye hakuvunja sheria. Aliishika mno.

Sisi tulimwita Bwana wa Salamu. Aliuza vipuri vya malori, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, na alikuja kila Ijumaa jioni. Alikunywa soda moja na kurudi kwake mapema. Hakuingia mahali bila kusalimia kila kiumbe kilichomo. Alianza na mlinzi, akaulizia homa ya mtoto wake. Akaenda kwa mama anayefagia, kisha kwa wapiga gitaa, mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Tulikuwa tunacheka kwamba siku moja atasalimia friji.

Na alikuwa mteja mzoefu, jambo linalojulikana kwa mkono. Nina hatua moja ya mabega ambayo ni yangu mwenyewe: nashuka, napanda, halafu ngoma inanyamaza kidogo kabla sijageuka. Wateja wetu wa zamani wamejizoesha kujaza kimya hicho kwa kugonga meza mara mbili, ko-ko, ndipo nageuka. Mgeni hugonga baada ya kuona. Mzoefu hugonga kabla. Bwana wa Salamu hakuwahi kukosea.

Basi, mwaka ule ukuta wa nyumba yetu kule Annexe ulipasuka. Tulikuwa tunaishi mbali, mama na mimi, karibu na bustani yake ya matembele, na njia ya kufika kwetu wakati wa mvua haikuwa njia tena. Ufa ulianza juu ya dirisha ukateremka mpaka kwenye kitanda cha mama, na kila asubuhi niliutazama kama mtu anayemwangalia nyoka. Magoti ya mama yalikuwa yamevimba. Mawingu yameanza kukusanyika. Mahali tulipouliza, watu walitaka kujua mume wangu yuko wapi, halafu kazi yangu ni nini, halafu ghafla nyumba ilikuwa imeshapata mtu. Nilianza kuogopa kweli. Sikuogopa kwa ajili yangu. Mimi ninaweza kulala hata kwa yaya. Niliogopa kwamba ukuta ule utamwangukia mama siku nikiwa kazini.

Ndipo mwenzake wa kwaya akamwambia mama kwamba huko Hewa Bora kuna vyumba viwili nyuma ya lupango la watu wazuri, uwanja wenye ukuta na bomba la maji ndani. Jumapili baada ya misa tukaenda, mama amevaa kitenge chake cha sikukuu.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, fundi wa kushona, cherehani yake kwenye baraza. Alitukaribisha, akatuletea munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi, akamwekea mama mto chini ya mguu bila kuambiwa. Nikaanza kumpenda palepale. Nikaangalia bomba, nikaangalia paa, nikaona mahali pa kupanda matembele, nikajiona tayari nimehamia.

Kisha mume wake akatoka ndani. Bwana wa Salamu.

Aliponiona alisimama mguu mmoja juu ya kizingiti. Mimi nikaangalia chini, kwenye kikombe changu. Alikuwa na mke wake, kwa hiyo salamu ilikuwa yake, na mimi nilikuwa tayari kutojulikana mpaka jioni. Naye akachagua kutonijua. Akamshika mama mkono kwa mikono yote miwili, akamuulizia magoti, akamuulizia parokia. Akainama akasalimia kuku waliokuwa wanapita. Halafu akaniruka, mimi niliyekaa katikati ya mama na kuku, akaenda kukaa kwenye kiti cha mbali na kuangalia ukuta.

Sasa, huku kwetu mgeni aliyekaa barazani kwako akinywa maji yako husalimiwa, hata akiwa adui. Kumruka ni jambo lisilowezekana. Mama aliniangalia. Mwenye nyumba alimwangalia mume wake, akaniangalia mimi, kisha akachukua sindano yake na kuendelea kushona pindo.

"Na weye, mutoto yangu, unafanyaka kazi gani?" akaniuliza.

Mama alikuwa ameshafungua mdomo aseme artiste. Nikamtangulia. Nilichoka kunyimwa nyumba kwa kuzungukazunguka. "Ninachezaka mu boîte, mama. Kule karibu na mjini. Bantu banalipa banaangalia."

Kutoka kwenye kiti cha mbali ikasikika sauti ya mtu aliyeshangaa: "Boîte? Mu Lubumbashi kuko boîte?"

Mji mzima, hata masista, wanajua boîte ziko wapi. Nilibana meno nisicheke. Mke wake hakuinua macho. "Unarudiaka saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa nane ya usiku, mama."

"Na mulango? Mi sitalamuka."

"Nitakuwa na funguo yangu. Hautanisikia."

"Nitafikiri," akasema. "Mukuye Alhamisi, nitawajibu."

Njiani mama alinung'unika mpaka nyumbani. "Ule papa eko na maringo. Anasalimia kuku, mutoto ya muntu hapana." Sikumjibu. Siri ya mteja ni siri, hata kwa mama.

Siku mbili baadaye tulikuwa katika mazoezi, mchana, viti vimepandishwa juu ya meza na sakafu ina maji ya kuoshea. Bwana wa Salamu akaingia. Mchana hana ruhusa ya kuingia, na alijua, maana kwa mara ya kwanza hakumsalimia mtu yeyote. Alikwenda moja kwa moja kwa yaya. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nafunga viatu, lakini alisema na yaya kana kwamba mimi niko Kolwezi.

"Yaya, umuambie aseme hapana. Asikuye kukaa kwetu. Manyumba iko mingi mu Lubumbashi."

"Na maboîte pia iko mingi," yaya akasema.

Alijaribu tena. Alisema mke wake ni mtu mwema, asiyestahili maneno. Alisema nikikaa pale, atakufa kwa hofu kabla ya mwaka kuisha. Nilimhurumia kidogo, nikakasirika zaidi. Nilitaka kusimama nimwambie habari ya ufa na kitanda cha mama. Yaya aliniwekea mkono begani, nikabaki chini.

"Sikia, papa," akamwambia. "Humu ndani unalipia kuangalia. Inje hakuna kintu ulilipia. Siri yako huyu atakuchungia, njo kazi yetu. Lakini mama yake hatalala mu mvua juu ya haya yako. Muke yako akimupatia nyumba, ataingia. Na siku ataingia, weye hautakuya tena huku. Hauwezi kuwa bailleur yake, mwenye nyumba, na tena client yake."

Bwana wa Salamu aliteremsha kiti kimoja kutoka juu ya meza, akakaa. Ukweli ni kwamba nilitegemea hasira, nikaona huzuni.

"Sasa Ijumaa nitaendaka wapi?" akauliza.

"Ku nyumba," yaya akasema. "Kule njo muke yako eko."

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikupata usingizi. Nilijua sheria zetu zimefanya kazi yake yote, na bado jibu lilikuwa kwa mwanamke mmoja na sindano yake. Asubuhi mvua ya kwanza ilinyesha, ndogo tu, na vumbi la ukuta likadondoka kwenye shuka la mama. Tulipofika Hewa Bora, mwenye nyumba hakutuchelewesha. Alinipa funguo mkononi. "Ile ya mulango ya inje uipakeke mafuta," akasema, "inapigaka kelele." Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Mama akaniuliza nalia nini na nyumba tumeshapata.

Tukahamia kabla wiki haijaisha. Mama akapanda matembele kando ya bomba. Na mwenye nyumba na mume wake wakaishi mbele, sisi nyuma, na hapo ndipo nilipoanza kuona viatu.

Kila asubuhi Bwana wa Salamu alitoka kwenda kwenye vipuri vyake. Alimsalimia mama yangu, akamuulizia magoti yote mawili, la kulia kwanza. Alisalimia mbuzi wa jirani juu ya ukuta. Alisalimia fundi wa bomba, muuza makaa, na watoto wa shule wasiomjua. Nikitokea mimi na ndoo yangu, anainama kufunga kamba za viatu. Kuna siku alivaa ndala, na bado aliinama. Ningeweza kumwanzia, lakini salamu ilikuwa yake, na mimi sheria nimefundishwa kuishika. Basi nilipita, ndoo yangu kichwani, na nikifika nyuma ya nyumba nilicheka mpaka maji yakamwagika. Ila siku nyingine sikucheka. Si jambo zuri kupitwa kila siku mahali unapolala.

Klabuni hakuonekana tena. Meza yake alipewa mtu mwingine, ambaye hugonga baada.

Miezi ikapita. Mchana mmoja mwenye nyumba akaja nyuma na kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akiwa na aibu kama msichana. Parokia ilikuwa inaandaa sherehe ya ndoa za siku nyingi, na kila mke na mume wangeingia ukumbini wakicheza. Yeye tangu aolewe hakucheza, miguu imesahau.

"Unifundishe," akasema. "Ijumaa, mbele uende ku kazi. Hata bwana yangu siku hizi Ijumaa anarudiaka mapema, sijue juu ya nini."

Nilijua juu ya nini. Nikasema ndiyo, mama.

Tulianza. Redio ya mama tuliiweka juu ya ukuta, uwanja tuliunyunyizia maji kwa sababu ya vumbi jekundu. Mwenye nyumba alikuwa mzito mwanzoni, akihesabu kwa midomo, lakini alikuwa na mabega mazuri. Kushona humpa mtu mabega. Kwa nini nikamfundisha hatua yangu? Naweza kusema ilinitoka tu. Ukweli, nilimpenda, na sina hatua nyingine nzuri kama hiyo. Tuliishusha, tukaipunguza ifae mbele ya padri, na kufika Ijumaa ya tatu aliweza: anashuka, anapanda, ananyamaza, anageuka.

Ijumaa hiyo geti likafunguliwa, gari likaingia. Hatukusikia kwa sababu ya redio. Mume wake alishuka akasimama kando ya boneti, anamwangalia mke wake. Sijui aliona nini. Nadhani aliona kitu alichokuwa akikipenda, na kilikuwa nyumbani kwake. Mke wake akashuka, akapanda, ngoma ikanyamaza.

Ko-ko.

Mkono wake ulikuwa umegonga boneti mara mbili, kabla.

Mwenye nyumba hakugeuka. Mama yangu, aliyekuwa anachambua sombe mlangoni, akaacha jani mkononi. Bwana wa Salamu aliuangalia mkono wake mwenyewe kama si wake. Mimi nikaona vyumba viwili, bomba, matembele ya mama, vyote vinaondoka. Nikazima redio.

Na mwenye nyumba akaanza kucheka. Alicheka amejishika kiuno, akakaa juu ya ndoo, akafuta macho na kanga.

"Weye ulifikiri sijue?" akamwambia mume wake. "Weye unasalimiaka kila muntu. Unasalimiaka mpaka mbuzi ya voisin. Ile siku banakuya, ulisalimia mama, ulisalimia kuku, huyu ukamuruka. Kama haukukuwa unamujua, ungemusalimia. Nikajua palepale."

Mimi ndiye niliyeuliza, kwa sauti ndogo. "Na ukatupatia nyumba, mama?"

"Kwanza niliogopa labda weye njo bureau yake." Bureau, ofisi ya pili, hivyo ndivyo tunavyomwita hapa mwanamke wa pembeni. "Lakini bureau angemuangalia, hata kidogo. Weye macho yako ilikuwa paka kwa mi. Na ulisema kazi yako wazi. Mu ile baraza, mwenye kudanganya alikuwa yee moja." Akamgeukia mume wake. "Alafu Ijumaa ukaanza kurudia. Nikasema, aksanti Mungu, huyu mutoto alale hapa. Sasa salimia muntu."

Bwana wa Salamu alipangusa mkono kwenye suruali. Akavuka uwanja, akapita kuku, akasimama mbele yangu.

"Jambo, mama," akasema. "Mulilala muzuri?"

Ilikuwa saa kumi alasiri.

"Tulilala muzuri, papa. Aksanti."

Hakuuachia mkono wangu. Mtu wa salamu akianza, hawezi kukomea nusu. "Jina yako ni nani?"

Ijumaa zote zile alikuwa analijua jina moja tu, lile la kazi, na halikumtoka. Nilimwangalia mke wake, kisha mama yangu mlangoni. Salamu ilikuwa yetu sote. Nikamwambia jina langu, lile alilonipa mama.

Akalirudia polepole. Kisha mke wake akasimama, akavuta kanga, akaniambia niwashe redio tena.

"Na weye baki pale ku gari," akamwambia mume wake. "Ugonge vile unajua."

Akarudi kwenye boneti yake. Mwenye nyumba akashuka, akapanda, ngoma ikanyamaza, na mume wake akagonga mara mbili, ndipo mke akageuka.